Hutaamini Kilichompata Mwalimu Tunu

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni mwaka juzi tu, palikuwa na nchi ambayo jina lake siwezi kulitaja kwa kuwa linafanyiwa ukarabati. Mimi wakati huo nilikuwa mtumishi mwaminifu wa gazeti la serikali liitwalo Ukweli Wote, lililokuwa limeacha kuchapishwa kwenye karatasi na kuhamia kwenye simu za wananchi, kila mwananchi kwa lazima. Kazi yangu ilikuwa kuandika vichwa vya habari. Habari zenyewe ziliandikwa na watu wengine, ghorofa ya chini, katika chumba kisicho na dirisha, na sikuwahi kuwaonea wivu.

Msije mkadhani kazi ile ilikuwa nyepesi. Kuandika habari ni kueleza kilichotokea, na hilo hata mtoto aliyevunja sahani analiweza. Kuandika kichwa ni kumkamata msomaji ukosi kabla hajauliza kama kuna habari yoyote. Mimi ndiye niliyeandika WAZIRI AVUA MBELE YA MABALOZI, KILICHOFUATA NI AIBU, siku waziri alipovua miwani akashindwa kusoma hotuba. Mimi ndiye niliyeandika RAIS AMWAGA CHOZI, SABABU ITAKUUMIZA, siku vumbi lilipomwingia jichoni akizindua barabara. Kwa kazi hizo nilipewa cheti, na kiti kinachozunguka.

Wananchi walisoma, wakakasirika, na kesho yake wakasoma tena. Lakini hasira nayo ikijaa humwagika. Wakaanza kulalamika kwamba wanadanganywa. Serikali yetu ni sikivu sana, ina masikio mengi na mengine iliyaweka ndani ya simu zetu, kwa hiyo ikasikia. Bunge likakaa siku tatu, mbili kati ya hizo likiwa mezani linakula, na likapitisha Sheria ya Kumlinda Msomaji Asidanganywe. Kifungu cha kwanza kilisema: pale kichwa cha habari na tukio vitakapotofautiana, chenye kosa kitarekebishwa. Mitaani watu walishangilia. Mimi niliingiwa na hofu kidogo juu ya kiti changu.

Kifungu cha pili ndicho kilichonirudishia usingizi. Kilisema kichwa cha habari kikishatoka kina muhuri wa serikali, na chenye muhuri wa serikali hakiwezi kuwa na kosa. Mwenye akili alielewa hapohapo: kama kichwa hakikosei, basi mkosaji ni tukio. Ikaundwa Kamati ya Ulinganifu, ikapewa jengo, magari matano na mafundi wa kila aina, ili iwe inayarekebisha matukio mpaka yalingane na vichwa. Juu ya mlango wao waliandika kwa rangi ya dhahabu: LISEMWALO LIPO, KAMA HALIPO LAJA.

Mwanzoni tulicheka. Nilipoandika DARAJA LATETEMEKA RAIS AKIPITA, nikimaanisha heshima tu, Kamati ilipeleka wanaume arobaini wakalitikisa kwa siku mbili, na nasikia mpaka leo halijatulia. Nilipoandika MKUU WA MKOA ALIA KAMA MTOTO, walimpelekea kapu la vitunguu na kisu, akalia, watu wakapiga makofi, naye mwenyewe akasema amejisikia vizuri. WAKULIMA WAPATA MBOLEA, WASAHAU KULA KWA FURAHA. Wakulima hao walisahaulishwa kula siku nne.

Kisha kikaja kile cha MBUNGE HUYU HATAONEKANA TENA BUNGENI. Kile hakikuwa changu, kilikuwa cha mwenzangu wa dirishani. Habari yenyewe ilisema mheshimiwa amechukua likizo ya wiki mbili kumwoza binti yake. Kamati haisomi habari, inasoma kichwa. Kiti chake bungeni bado kinafutwa vumbi kila asubuhi, na harusi nasikia ilifana sana, ila hapakuwa na wa kumkabidhi bibi harusi.

Baada ya hapo tulicheka kidogo kidogo.

*

Ikatokea siku moja Waziri wa Elimu na Uzinduzi, Mheshimiwa Daktari Ngwesheni, akaenda Shule ya Msingi Mtupule kuzindua vyoo. Palifungwa utepe mwekundu kati ya nguzo mbili. Nyuma ya utepe palikuwa na nyasi.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa, "wapo wanaodhani choo ni shimo! Hao ni maadui wa maendeleo! Choo ni fikra! Mwanafunzi anaingia humu akiwa mtoto, anatoka akiwa taifa!"

Akakata utepe. Bendi ikapiga. Ukafika wakati wa maswali, na kwa utaratibu wetu maswali huwa ni moja, huandikwa wizarani na kukabidhiwa mwalimu mkuu wiki moja kabla. Swali la siku hiyo lilikuwa "Mheshimiwa, nguvu hizi zote unazipata wapi?" Mwalimu mkuu alikuwa amelikariri vizuri. Bahati mbaya, kipaza sauti kilipofika alikuwa amekimbilia vichakani, kwa sababu ambayo shule nzima ile ilikuwa nayo kila siku. Kipaza sauti kikapita kiti chake kitupu, kikaangukia mikononi mwa mama mmoja mwenye gauni la maua ya njano.

"Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Mimi nafundisha darasa la tatu. Tunakushukuru kwa kuja. Vyoo hivi sasa umevizindua mara tatu. Naomba kuuliza, vitachimbwa lini?"

Nasikia hata bendi ilishusha tarumbeta. Mheshimiwa akatabasamu, maana kamera zilikuwapo.

"Swali zuri sana hilo, mwalimu. Limepokelewa, na litafanyiwa kazi."

Yule mama akasema ahsante, akaketi. Watu wakanywa soda. Waziri akapanda gari, akaenda kuzindua kitu kingine. Basi. Mwandishi wetu wa huko alituma mistari mitano, na wa mwisho ulisema: "Baada ya hapo mwalimu aliketi."

Mhariri wetu, Bwana Kipacha, alikuja mezani kwangu ameishika simu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya. "Pazi, mwalimu kauliza, mwalimu kaketi. Hii atasoma nani? Nipe kichwa kabla chai yangu haijapoa."

Chai haikupoa. Niliandika: HUTAAMINI KILICHOMPATA MWALIMU HUYU BAADA YA KUMUULIZA WAZIRI SWALI. Bwana Kipacha alinipiga bega, akasema mimi ni hazina. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijizungusha kwenye kiti mara mbili.

Ilipofika adhuhuri, watu milioni nne walikuwa wamekifungua. Nilikaa nikisoma maoni yao huku natafuna karanga.

"Mbona hakuna kilichompata?"

"Nimesoma mpaka chini, ameketi tu! Mnatuona sisi watoto?"

"Mimi nilishawaita majirani waje tusome pamoja. Nimeaibika. Sheria ichukue mkondo wake."

Walalamikaji walifika elfu sitini, na kila mmoja alidai haki yake ya msomaji. Kwa sheria, wakizidi elfu kumi jalada linakwenda lenyewe kwa Kamati. Hapo ndipo picha ya habari ile ilipomaliza kufunguka kwenye simu yangu, maana mtandao siku hiyo ulikuwa wa kusuasua. Nikaliona gauni la maua ya njano. Nikauona uso. Alikuwa Mwalimu Tunu Kasindi, aliyenifundisha mimi kusoma na kuandika, darasa la tatu, shule hiyohiyo.

*

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwake. Uani nilikuta jamvi limetandikwa na wanawake wamekaa, kanga vichwani, sura za msiba. Mbele yao, juu ya kigoda, alikaa Mwalimu Tunu mwenyewe anachambua mchele. Mumewe, Mzee Kasindi, fundi seremala, alikuwa pembeni anapiga randa ubao bila kumtazama mtu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Pazi! Umenenepa, baba. Karibu, kaa. Hawa usiwashangae, wamekuja kunipa pole."

Jirani yake, Mama Chausiku, aliyekuwa amekuja na unga wake wa matanga, alivuta pumzi ndefu. "Pole sana, Mama Upendo. Tumesoma yaliyokupata."

"Nimekwambia tangu jana hayajanipata, Mama Chausiku. Unaniona nachambua mchele."

"Haya," alisema Mama Chausiku kwa upole. "Basi tutasubiri." Akajiweka sawa kwenye jamvi.

Mwalimu Tunu akacheka. Nilitamani asicheke. Niliinama nikamwambia sikioni kwamba kichwa kile kiliandikwa kwa haraka, kwamba aliyekiandika hakujua ni nani, na kwamba ingefaa leo hii aende mbali, hata ng'ambo ya mpaka.

"Niende wapi, na Jumatatu watoto wana mtihani? Kwani mimi nimepatwa na nini?"

"Bado, mwalimu."

Aliacha kuchambua. Alinitazama kama alivyonitazama mwaka ule nilipoandika insha yenye kichwa Safari Yangu ya Mwezini, kisha nikaeleza habari za mbuzi wa babu.

"Ni wewe uliyeandika, Pazi?"

Aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

"Nilikufundisha nini juu ya kichwa cha insha?"

"Kwamba hakitakiwi kuahidi kisichokuwamo, mwalimu."

"Na mimi nikakupa saba kwa kumi, kwa huruma. Kosa langu."

Gari la Kamati lilifika kabla sijamaliza chai niliyopewa. Wakashuka vijana wawili wenye adabu sana. Walimwambia hakamatwi, la hasha. Anahifadhiwa tu, kwa kuwa ili jambo limpate mtu ni lazima mtu mwenyewe apatikane. Mwalimu Tunu alinawa mikono, akamkabidhi Mama Chausiku ungo, akamwambia mumewe asisahau kupeleka madaftari shuleni. Mzee Kasindi alisimama na randa yake mkononi mpaka gari likapotea. Wanawake wale walianza kulia wakati uleule, kwa sauti za watu waliokuwa tayari.

*

Siku iliyofuata niliitwa kwenye Kamati, maana mwandishi wa kichwa hutakiwa kufafanua nia ya kichwa. Mwenyekiti alikuwa Bwana Sengasu, mtu mwembamba, msafi, mwenye sauti ya muuguzi. Alinipa pole ya safari, akaniulizia afya ya wazazi wangu na kunikaribisha biskuti. Ukutani palikuwa na benchi refu, na juu yake walikaa Wananchi wa Majaribio, watu kumi na wawili walioajiriwa kwa kudumu kuwakilisha maoni ya umma.

"Kichwa chako ni kizuri, ndugu Pazi," alisema Bwana Sengasu, "ila kimetupa kazi. Hakisemi mwalimu alipatwa na nini. Kinasema tu kwamba wananchi hawataamini. Ni wajibu wetu kutafuta jambo ambalo hawataliamini, kisha tumpatie. Tuanze." Akaligeukia benchi. "Mwalimu alimuuliza waziri swali. Amekamatwa."

"Tunaamini," walijibu wote kumi na wawili.

"Amefukuzwa kazi."

"Tunaamini."

"Amehamishiwa shule ya mpakani isiyo na wanafunzi wala jengo."

"Ile ya mwaka jana?" aliuliza mzee mmoja. "Tunaamini."

Bwana Sengasu alifuta miwani. "Amekutwa mtoni."

Mwanamke mmoja wa mwisho wa benchi alianza kusema innalillahi, wengine wakavua kofia. Waliamini kabla hajamaliza sentensi. Akajaribu kichaa, akajaribu simba, akajaribu radi ya kiangazi. Waliamini simba. Waliamini radi, na mmoja akataja mtu wa kwao aliyepigwa na radi ya namna hiyo, ndani ya ofisi ya serikali.

Mwenyekiti aliweka kalamu chini. Nilimwona amehuzunika kweli. "Nchi hii imekwisha," alisema. "Hakuna tena lisiloaminika. Nina pendekezo moja tu lililobaki, na hilo hatujawahi kulifanya kwa mwanamke."

Alikuwa amefunua ukurasa wenye wino mwekundu. Nilikuwa upande wa pili wa meza, sikuweza kusoma yote. Nilisoma maneno matatu tu: mifuko miwili, chokaa.

Siku zote nimesema mimi ni mwoga, na sijaona haya. Lakini mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, wajaribu na hili. Mwalimu alimuuliza waziri swali, na hakuna lililompata. Alirudi nyumbani kwake salama salimini, akaendelea kufundisha."

Yule mzee akaanza kutikisika mabega, jirani yake akamshika, naye akashikwa, na wote kumi na wawili wakacheka mpaka machozi. Mwanamke wa mwisho alilazimika kupewa maji. "Salama!" alirudia. "Salama salimini! Jamani, huyu ametumwa na nani?"

Bwana Sengasu alinitazama muda mrefu, akaandika. Nilijiona mjanja kuliko sungura. Nilikula hata biskuti.

"Imekubaliwa," alisema. "Jumamosi saa nne asubuhi tutamrudisha nyumbani salama, kisha tutafanya ukaguzi. Unakijua kifungu cha tisa?"

Sikukijua. Akanisomea, kwa sauti ileile ya muuguzi: "Kutoaminika kutakuwa kwa watu wote. Akipatikana mtu hata mmoja anayeamini, kichwa kitahesabiwa hakijatimia, na Kamati itatumia pendekezo linalofuata."

Hakufunga jalada. Aliweka kidole kwenye ukurasa ule mwekundu, pawe rahisi kupafungua tena.

*

Nilikwenda kwa Mzee Kasindi jioni ileile. Majirani hawakunipa shida, walikuwa wameshamzika Mwalimu Tunu mioyoni mwao na walikuwa wanajadiliana habari za arobaini. Mzee nilimvuta nyuma ya karakana, nikamweleza yote, tangu biskuti hadi chokaa. Alisikiliza ameshika tama.

"Kwa hiyo ataletwa hapa mzima."

"Mzima kabisa, mzee."

"Na nikimpokea, wanakuja kumchukua."

"Akipatikana hata mmoja anayeamini, mzee. Hata mmoja."

"Nimekaa naye miaka thelathini na moja, kijana. Unataka nimkane mlangoni pake?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa muda gani?"

Nilimwambia sheria haikutaja muda. Alitazama mikono yake, mikubwa, imejaa makovu ya patasi. Aliniuliza kama mkewe anajua. Nikamwambia hajui, hakuna anayeruhusiwa kumwona. Hapo alisema neno moja ambalo siwezi kuliandika, na nilijua ananiambia mimi, na nilistahili.

Jumamosi saa nne kamili gari likaja. Kamati yetu haijawahi kuchelewa. Mwalimu Tunu alishuka mwenyewe. Gauni lake la maua ya njano lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi. Hakuwa na hata mkwaruzo. Alipoona uwanja umejaa watu alitabasamu, akawapungia mkono.

Hakuna aliyepunga. Mama Chausiku alirudi nyuma hatua mbili, akajifunika uso kwa kanga.

"Mama Chausiku, ungo wangu uko wapi?"

"Usiniite," alisema Mama Chausiku. "Mama Upendo alikuwa jirani yangu, nimemlilia siku tatu mpaka sauti imenikauka. Sijui wewe ni nani, wala wamekutoa wapi."

Bwana Sengasu alikuwa na fomu kwenye ubao mdogo, na muhuri umening'inia shingoni kwa uzi. Akapita kwa mmoja mmoja, anauliza kwa unyenyekevu: "Je, unaamini kwamba Mwalimu Tunu Kasindi yuko salama?" Hakuna aliyedanganya. Hawakuwa wameambiwa lolote. Waliangalia gari la Kamati, wakamwangalia yule mama, na kila mmoja akasema kutoka moyoni kwamba haamini. Watu wa nchi yetu hawajawahi kusema kweli kwa pamoja namna ile.

Ikafika zamu ya mlango. Mzee Kasindi alikuwa amesimama kizingitini, amevaa shati lake la sikukuu.

"Baba Upendo," alisema Mwalimu Tunu, na hapo sauti yake ilibadilika, "hawa watu wana nini?"

"Mzee, je, unaamini kwamba mke wako yuko salama?"

Mzee Kasindi alimtazama mkewe kuanzia unyayoni mpaka kwenye utosi, polepole, kama fundi anayepima ubao ambao hatapewa mwingine. "Mke wangu yameshampata," alisema. "Huyu mama simjui." Akaingia ndani, akafunga, nikasikia komeo.

Mwalimu Tunu hakulia. Aligeuka akanitafuta kwenye watu, akaniona.

"Pazi. Wewe umesoma. Waambie hawa."

Bwana Sengasu naye alinigeukia, kalamu tayari. "Na wewe, ndugu mwandishi? Unaamini?"

Nimeandika uongo mwingi katika maisha yangu, na wote niliuandika kwa raha. Huu ndio pekee ulioniuma, na ndio pekee uliokuwa na faida kwa mtu. Nilitazama viatu vyangu. "Siamini," nilisema.

Alitia alama ya vema kwenye fomu. Nilidhani yamekwisha. Nilishaanza kupumua. Lakini Bwana Sengasu ni mtu makini, aliikagua fomu yake tena kutoka juu, akaona mstari mmoja uko wazi. Akamwendea yule mama aliyesimama peke yake katikati ya uwanja.

"Samahani, mama. Kifungu kinasema watu wote. Na wewe je, unaamini kwamba Mwalimu Tunu Kasindi yuko salama?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mimi mjanja, mimi hazina, sikulifikiria. Huyu ni mtu ambaye hakuwahi kutupa jibu la uongo hata tulipomuuliza watoto wanatoka wapi. Nilitaka kupiga kelele, nilitaka kumtikisia kichwa, lakini mmoja wa wale vijana wawili wa Kamati alikuwa ananitazama mimi usoni. Nikabaki nimekodoa macho.

Mwalimu Tunu alifikiri. Alitazama wanawake waliojifunika kanga. Alitazama mlango uliofungwa. Alinitazama mimi, kisha lile gari, na muhuri shingoni mwa Bwana Sengasu.

"Hapana," alisema. "Siamini."

"Ahsante sana, mama." Muhuri ukagonga fomu. KIMETIMIA. Kichwa cha habari kikawa kweli tupu, na wasomaji elfu sitini walipata ujumbe kwenye simu zao ukiwashukuru kwa kuilinda haki.

Watu wakatawanyika haraka, kila mtu kwake. Ila gari halikuondoka. Lilisogea hadi kando ya barabara, likasimama pale, injini inanguruma, kioo kimeteremshwa, na Bwana Sengasu ameegemeza kiwiko dirishani. Kamati ina desturi ya kungoja kidogo.

Mwalimu Tunu alikwenda mlangoni pake. Akabisha kwa heshima, mara tatu, kama mgeni.

"Baba Upendo, ni mimi. Nifungulie."

Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwake, na sikuthubutu hata kumwita jina. Akabisha tena. Nyuma ya mbao zile nilimsikia Mzee Kasindi analia, kwa sauti, bila haya. Hakufungua, nami nikamshukuru Mungu kwamba hakufungua.